Figo ya Wifi Inaelea

Jumatatu, 3 Machi

Daktari wa presha ameniambia niandike badala ya kufoka. "Kila jioni, dada yangu, hata mstari mmoja," alisema huku akinifungua ule mkanda wa mkononi na kutikisa kichwa. Haya, naandika. Masika yameanza, bomba la jikoni linavuja, na wifi yangu amehamia kwetu leo na mabegi manne.

Amekuja kutibiwa. Ana uvimbe kwenye figo. Kwa mtu mwingine tungesema pole, figo itatolewa, utabaki na ya pili. Wifi hana ya pili. Ya pili anayo mume wangu tumboni, mwaka wa nane huu, na inafanya kazi vizuri kuliko mume mwenyewe. Alimpa mdogo wake bila kuombwa mara mbili, na tangu siku hiyo sijapata raha ndani ya nyumba yangu.

Leo mezani Wifi amemsogezea mume wangu glasi. "Kunywa maji. Hiyo figo mimi sikuizoesha ukame." Mwalimu mzima wa sekondari, mtu anayeogopwa na shule nzima, akanywa glasi mbili mfululizo bila kupumua.

Jumanne, 4 Machi

Amepanga upya kabati la vyombo. Vikombe vipo palipokuwa na sufuria, sufuria sijui ziko wapi.

Ijumaa, 7 Machi

Kazini hospitali nako hakuna nafuu. Ile miwani tuliyoahidiwa tangu mwaka jana imefika. Ukiivaa unaona chumba kama kilivyo, meza, pazia, wenzako, halafu katikati yake kiungo cha mgonjwa kinaelea hewani, kikubwa kama boga. Unakishika kwa kubana vidole viwili, unakigeuza, unakikuza, ukitaka unaingiza kichwa ndani. Hayo ni maelezo ya Mama Miwani, mama aliyeletwa kutufundisha, ambaye kila sentensi yake inaanza na "ni rahisi sana". Mimi nimebana vidole asubuhi nzima kama mtu anayetafuta chawa hewani. Ini la mazoezi likagoma. Mwishowe likaondoka lenyewe, likapaa mpaka darini, likatulia huko.

"Ni rahisi sana," akasema Mama Miwani. "Umelitupa."

"Sijalitupa. Limeondoka."

Halafu kuna Mkuu. Huyu ndiye mkuu wetu wa upasuaji, na mkono wake ni hodari, haki yake simnyimi. Lakini hakuna mtu anayesimama mbele ya Mkuu. Si sheria iliyoandikwa popote, ni mazoea tu. Miaka yote picha zilikuwa ukutani au kwenye kompyuta. Yeye anasimama mbele, sisi tunajipanga nyuma yake kwa vyeo, tunachungulia. Sasa picha iko katikati ya chumba, ina pande zote, mtu angeweza kuizunguka kama anavyozunguka meza. Na sisi watu wazima na shahada zetu tumejipanga nyuma ya Mkuu vilevile! Nimekaa saa nzima nikiangalia ini likiwa limetua juu ya kipara chake.

Jumatano, 12 Machi

Picha za Wifi zimepigwa. Nikamfuata Mkuu ofisini, nikamwambia huyu ni dada wa mume wangu, si vizuri nimshughulikie mimi. Daktari wa picha hapa hospitali ni mimi tu, lakini angeweza kutafutwa mwingine kwingine.

"Kwani utamkata wewe?" Mkuu akauliza bila kuinua macho. "Wewe chora."

Kwa hiyo nachora. Mashine ilimpiga picha vipande vyembamba kama mkate wa dukani, na kila kipande lazima nikipake rangi kwenye kompyuta: figo kahawia, uvimbe kijani, mshipa unaoleta damu mwekundu. Baadaye programu inaviunganisha, ndipo figo inaelea. Mgongo umekufa ganzi. Nimerudi nyumbani, Wifi akanipokea mlangoni: "Umeshinda umekaa tu, mbona umechoka hivyo?" Yeye ni msusi, anasimama siku nzima, kwa hiyo mtu aliyekaa kwenye kiti hajafanya kazi.

Nimeenda kuoga.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua. Umeme umekatika kabla sijahifadhi. Sitaki kuongea na mtu.

Jumanne, 18 Machi

Leo figo ya Wifi imeelea mbele ya jopo zima la madaktari. Imechukua muda, maana kila taa zilipoyumba kwa sababu ya mvua miwani ilipoteza chumba, na figo ikaenda kuning'inia korido nje ya choo. Mama Miwani alikimbia kuifuata huko huku akibana vidole. Mhudumu aliyekuwa anapiga deki akamwuliza anakamata nini.

Ilipotulia, Mkuu akasogea mbele, sisi nyuma. Nilijibana kwenye pengo kati ya bega lake na ukuta. Niliona uvimbe wa kijani, mkubwa kama limau, umelala juu ya mshipa mwekundu pale pale unapoingilia figo.

"Umeukumbatia," akasema Mkuu. "Hapa hakuna pa kupitisha kisu. Itatoka yote."

Hakuna aliyebisha. Mimi pia sikubisha, niliona alichokiona. Figo yote ikitoka, Wifi ataishi kwa kuunganishwa na mashine ya kusafisha damu mara tatu kwa wiki, maisha yake yote. Saluni yake ataiendesha nani?

Nimewaambia jioni wote wawili. Mume wangu akaweka kijiko chini. "Mwambie Mkuu achukue hii yangu, amrudishie mwenyewe."

"Figo si sufuria ya kuazimana," nikamfokea. "Hata ingewezekana, na wewe ufe? Halafu iwe nini?"

Wifi akacheka mpaka akashika mbavu. Akasema mdogo wake tangu utotoni akiazima kitu anakirudisha kimechakaa. Kisha akainuka kwenda kuosha vyombo, na akaosha kila sahani mara mbili.

Jumatatu, 24 Machi

Upasuaji ulikuwa kesho. Umeahirishwa. Maji yameingia thieta.

Ijumaa, 28 Machi

Wifi amemsuka jirani sebuleni kwangu. Nywele hadi kwenye sukari.

Jumatatu, 31 Machi

Umeahirishwa tena. Safari hii ni miwani: unyevu wa masika unaiwekea ukungu, na Mkuu kaapa hapasui figo hiyo bila kuiona ikielea juu ya meza. Mtu aliyepasua miaka ishirini na tano kwa macho yake! Mama Miwani amesema ni rahisi sana, inaletwa mashine ya kukausha hewa. Lini? Hajui.

Mume wangu hali vizuri. Anamwangalia dada yake kama anayetaka kusema kitu, halafu anasema "kesho kuna mvua". Nimechoka mie na watu wasiosema. Nimechoka pia na anayesema, maana Wifi ameniambia chai yangu ni maji ya kuogea mtoto.

Jumatano, 2 Aprili

"Hivi," Wifi ameanza leo, nikiwa hata viatu sijavua, "figo yangu mmeiangalia wote. Wewe, Mkuu wako, mpaka yule mama wa miwani. Mwenye mali mimi sijaiona. Hiyo ni adabu gani?"

Nikamweleza kwamba jopo si maonyesho, na kwamba picha yenyewe inatisha mtu asiyezoea.

"Nimezaa peke yangu chumbani, wifi. Unitishe na picha?"

Nikasema hapana, na nikasema kwa sauti. Presha leo sijapima, sina haja.

Jumanne, 8 Aprili

Kumbe amemwendea Mkuu mwenyewe! Amekaa kwenye kiti nje ya ofisi yake tangu asubuhi, akawapa ushauri wa nywele wauguzi wote waliopita, mpaka Mkuu akatoka na kukubali ili korido ipate kupumua. Alhamisi Wifi atavaa miwani. Mkuu ameniambia hivyo akinitazama kama mimi ndiye niliyemtuma. Nimetamani ardhi ipasuke.

Alhamisi, 10 Aprili

Niandike taratibu.

Tulikuwa chumba cha mikutano, jopo lote, dari linadondosha maji kwenye ndoo pembeni. Mama Miwani akamvalisha Wifi, akaanza, "Ni rahisi sana, mama, unabana vidole..." Hakumaliza. Wifi alinyoosha mkono, akaibana figo, akaizungusha, akaikuza, akaisogeza pembeni ya taa, yote kwa mkupuo mmoja. Vidole vyake vimesuka nywele tangu yuko msichana. Kubana na kugeuza ndiyo kazi yake. Daktari mmoja nyuma yangu akaguna kwa wivu. Mimi nilipandwa na hasira za bure. Wiki tano nahangaika na kile kitu!

Kisha akafanya jambo ambalo hakuna kati yetu aliyewahi kulifanya. Hakukaa nyuma ya Mkuu. Aliizunguka figo yake akaenda kusimama upande wa pili, uso kwa uso na Mkuu, katikati yao uvimbe. Nilitaka kumwita arudi, lakini niliuona mdomo wake. Ulikuwa unacheza.

"Ndicho hicho cha kijani?" akauliza.

"Ndicho," akajibu Mkuu.

"Kikubwa hivyo."

"Tumekikuza, mama. Chenyewe ni kidogo."

Akaendelea kukitazama. Huyu mwanamke sijawahi kumsikia akinyamaza, na sasa alikuwa amenyamaza, na mikono ameiweka tumboni. Halafu akasema, si kwa sauti yake, kwa sauti ndogo ya mtu mwingine kabisa: "Wifi yangu, njoo usimame na mimi. Naogopa."

Nikaenda. Nilipita mbele ya Mkuu, mbele yake kabisa, nikamkanyaga mguu. Nikamshika Wifi mkono, ulikuwa baridi kama umetoka kwenye friji. Nikageuza uso kuangalia anachokiangalia, ili nimweleze, nimwambie neno lolote la kumtuliza.

Na huko nyuma haukuwa umekumbatia kitu. Ule uvimbe, ambao mbele ulionekana umeuzungushia mshipa mikono, kwa nyuma ulikuwa umeulalia tu. Mshipa mwekundu ulipita chini yake huru, na kati yao kulikuwa na pengo jembamba toka juu hadi chini. Nusu nzima ya chini ya figo ilikuwa na tawi lake la damu ambalo uvimbe haukuligusa. Nilizichora mimi mwenyewe rangi hizo, kipande baada ya kipande, na kitu kizima sikuwa nimekiona.

"Mkuu," nikasema. "Njoo huku."

"Huku wapi?"

"Huku. Upande huu."

Hakusogea. Nadhani hakuelewa, kwa kweli, mtu hajawahi kumwambia hivyo tangu ateuliwe. Wenzangu wakawa wanaangalia viatu vyao.

"Njoo, mzee," Wifi akasema, sauti yake imeanza kurudi. "Huku hakuna mbwa."

Mkuu akazunguka. Akasimama kati yetu wawili, akainama, akavua miwani, akaifuta ukungu, akaivaa tena.

"Una uhakika na mchoro wako?" akaniuliza.

"Sina. Nipe mpaka kesho."

Nyumbani Wifi amesema nisimwambie mdogo wake chochote mpaka tujue. Nimekubali. Amenipikia chai. Ni tamu sana, nimeinywa yote.

Ijumaa, 11 Aprili

Pengo lipo. Nimerudia kila kipande: kati ya uvimbe na mshipa kuna mstari mweusi mwembamba wa mafuta, toka mwanzo hadi mwisho. Hata kwenye picha bapa ulikuwepo. Sote tulitoka tumboni mwa mama zetu na macho mawili, na tukaitazama figo ya mtu mwezi mzima kutoka upande mmoja kwa sababu upande wa pili ungetuweka mbele ya Mkuu. Nina hasira naye, nina hasira na jopo, nina hasira na nafsi yangu, na Mama Miwani akiniambia tena ni rahisi nitaivunja hiyo miwani kwa kisigino.

Mkuu amemwita Wifi akamweleza bila kuzungusha maneno. Kutoa yote ni upasuaji mfupi na wa uhakika. Kuokoa nusu itabidi kuibana figo isipate damu wakati anakata. Ikibanwa sana inaweza isiamke, na itabidi itolewe hiyo hiyo. Na anaweza kutokwa damu nyingi mezani.

"Nani kasema inawezekana?" Wifi akauliza.

Mkuu akaninyooshea kidole. Wifi akanitazama muda mrefu, kama anapima nywele za mteja mgumu.

"Jaribuni," akasema.

Sasa ikiharibika, nimeiharibu mimi.

Jumanne, 15 Aprili

Mashine ya kukausha hewa imefika. Inapiga kelele kama trekta. Upasuaji wiki ijayo. Mume wangu ameambiwa, akaenda kusimama uani kwenye mvua bila mwamvuli, nikamrudisha kwa ukali. Mtu mwenye figo ya kupewa anasimama kwenye mvua! Akili za watu wengine.

Jumanne, 22 Aprili

Wameniruhusu kuingia thieta, nisimame na miwani, nisiguse kitu. Figo ikaning'inia juu ya tumbo la Wifi. Mkuu akaniambia mbele ya wote: "Simama kule ng'ambo. Ukiona nisichokiona, sema."

Nilisema mara mbili. Mara ya kwanza akanijibu "nimeona". Mara ya pili hakunijibu, ila kisu kilihama. Katikati ya kazi ukungu ukaingia kwenye miwani, trekta lisaidie lisisaidie, tukazivua, tukabaki na macho ya kuzaliwa. Uvimbe ukatoka wote. Walipoachia damu irudi, nusu ya figo iliyobaki ilikaa kijivu, kijivu, nikahesabu matumaini yangu yamekwisha, kisha ikaanza kuwa na rangi, polepole, kwa kusuasua.

"Sasa ikojoe," akasema Mkuu akivua glovu. "Isipokojoa hatujafanya kitu."

Jumatano, 23 Aprili

Mfuko wa mkojo mtupu. Wifi amelala, uso umevimba. Mvua haijakata.

Alhamisi, 24 Aprili

Mtupu. Nimeutazama mfuko ule mpaka muuguzi akaniomba nikae nje. Mkuu amepita, ameubonyeza kwa kidole, akaenda zake. Mashine ya kusafisha damu imeagizwa kwa kesho saa nne asubuhi.

Wifi alifumbua macho jioni. "Bado?"

"Bado."

"Usinune. Nilisema jaribuni mimi, si wewe."

Namchukia akiwa na haki. Na nampenda, potelea mbali, niliandike: nampenda huyu mwanamke na makelele yake, na sitaki avuliwe kitu kingine tena kwa ajili ya familia hii.

Ijumaa, 25 Aprili

Nilifika mapema nikiwa nimeshatunga maneno ya kumwambia mume wangu. Niliyatunga njiani, nikayabadilisha, nikayatunga upya. Mashine ya kusafisha damu ilikuwa tayari imesukumwa hadi mlangoni. Muuguzi akanishika mkono bila salamu, akaniburuta mpaka kitandani, akaniinamisha.

Chini kabisa ya mfuko kulikuwa na kidogo cha njano, kama chai iliyobaki kwenye kikombe. Nikadhani ni mwanga wa taa. Nikapiga magoti. Tone likashuka kwenye mpira wa mkojo, likasimama, likaanguka. Jingine likafuata. Nilikaa sakafuni pale nikilia kwa sauti, daktari mzima na koti lake, na Wifi kutoka juu anauliza, "Kwani umekanyaga nini?"

Mkuu akaja, akachuchumaa karibu yangu, akatazama. Akaagiza mashine irudishwe ilikotoka.

Nikampigia mume wangu. Alikuwa darasani, huwa hapokei simu akifundisha, leo akapokea. Maneno yangu yote ya njiani yalikuwa ya msiba, hayakufaa, na mengine sikuwa nayo. Nikasema, "Amekojoa."

Kisha nikasikia chaki, au kitu, kikianguka sakafuni, na mume wangu, yule anayeogopwa na shule nzima, akipiga ukelele: "Dada yangu amekojoa!"

Wanafunzi hawakujua ni dada gani wala kwa nini. Nikawasikia wakipiga makofi darasa zima.